Mfumo wa Kujaribia

Simu ya fundi ilimkuta Karani kwenye kadi ya mia nne na nane, rula ya mbao kailaza juu ya jina la mgonjwa ili shemeji yake akipita asichungulie. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na Karani alikuwa na raha ambayo hakuwa ameionja kwa miezi minane, tangu ofisi ilipofunga masjala na kuwaambia makarani sita waende nyumbani wakapumzike. Watu walimwita Karani alipokuwa na kazi, wakaendelea kumwita Karani alipoikosa, na hapo ndipo jina lilipoanza kumchoma. Wiki hii lilikuwa limeacha kumchoma.

Fundi alipiga kusalimia tu. Aliuliza hali ya nyumbani, akauliza kazi, mwisho akauliza kama ule mfumo mpya wa kompyuta unamtendea wema. Karani akaumwagia sifa. Mwepesi, hauombi hela, hauandiki kwenye kona ya kioo kwamba mwenye mashine ni mwizi, na nusu ya maneno yake ni ya Kiswahili. Alikuwa na haki ya kuusifu. Mfumo wa zamani ulikuwa umezeeka ukawa mkali kama mama mwenye nyumba wa kodi ya nyuma, na leseni ya kuutuliza ilikuwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Ndipo Jumamosi fundi alipochomeka kiflashi ubavuni mwa mashine, akawasha, akamwonyesha vitufe viwili. Hiki cha Jaribu, hiki cha Sakinisha. Ukijaribu, alisema, usiogope kitu, mashine yako itabaki vilevile ilivyokuwa.

"Kwa hiyo ulisakinisha Jumamosi ileile?" fundi aliuliza.

"Bado. Naendelea kujaribu."

"Unajaribu nini mpaka leo?"

"Naujaribu vizuri. Mimi sitii sahihi kitu siku ya kwanza. Nimeshaandika kadi mia nne na nane, na haujanisumbua hata mara moja."

Simu ikanyamaza. Karani alidhani salio la fundi limekwisha.

"Mzee wangu," fundi alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliyesimama ukingoni mwa kisima, "tangu Jumamosi hujaizima hiyo mashine?"

Hakuizima. Kule masjala kompyuta hazikuzimwa, na yeye jioni alikuwa akifunika kifuniko tu, asubuhi anakifunua, anaikuta kazi yake pale pale alipoiacha.

"Basi usiizime," fundi akasema.

Akaeleza, na kila alivyoeleza Karani alizidi kukaa wima kitini. Anayejaribu, kila anachoandika kinashikwa na kumbukumbu ya muda, kama maji yaliyokingwa kwa viganja. Umeme ukikatika, viganja vinafunguka. Flashi haiweki kitu, na diski ya mashine haijaguswa, kama alivyoahidiwa. Yeye fundi yuko safarini, ameitwa kiwandani mbali huko, atarudi Jumamosi. "Lakini njia ipo," alisema, "fungua pale kwenye..." na hapo mtandao ukammeza. Karani alipiga mara tisa. Mara zote tisa mwanamke mwenye sauti ya upole alimwambia kwamba mtu anayemtafuta hapatikani.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kuhusu uangalifu wa kupindukia hawakuacha neno lolote, na Karani alikaa akiwalaumu.

*

Zahanati ilimtaka Ijumaa saa mbili asubuhi. Msimamizi wa zahanati, mama mnene asiyependa kurudia maneno, alikuwa amemweleza siku ile alipompa boksi la kwanza. Orodha ya wagonjwa wa kisukari na presha itakwenda siku hiyohiyo pamoja na maombi ya dawa za miezi mitatu. Atakayekosekana kwenye orodha, dawa yake haitaagizwa. Kisha, akigeuka kuondoka, akaongeza kwamba kuna makabati mengine matatu, na kama hili moja litakwenda vizuri watazungumza.

Kadi zenyewe hakuwa nazo. Alikuwa akizichukua asubuhi boksi moja moja na kuzirudisha alasiri, kwa sababu wagonjwa wanazihitaji. Pale mezani zilibaki za leo tu, na hizo zilikuwa kumi na nne, nne kati yake bado. Nyingine zote zilikuwa ndani ya ile mashine, na mashine ilikuwa na betri iliyokufa zamani, inayoishi kwa waya kama mgonjwa anayeishi kwa dripu.

Karani alifikiri kuchomeka flashi nyingine ahamishie kazi. Lakini mashine ilinunuliwa mkono wa pili, na matundu yake mawili yalikuja moja zima na moja limevunjika, na hilo zima ndilo lililobeba mfumo. Intaneti nayo ule mfumo haukuwahi kuiona, na Karani hakuwahi kuiulizia kwa kuwa haikuwa kwenye mkataba. Alikuwa bado anatazama lile tundu lililovunjika, kana kwamba kwa kulitazama sana litapona, mkewe alipoingia na pasi mkononi.

Mkewe alikuwa mshonaji. Nyuma yake, juu ya kochi, kulikuwa na sketi ishirini na nne za shule zimerundikwa, zimeshonwa, zimewekwa mikanda, zinasubiri jambo moja tu, kupigwa marinda. Sketi ya marinda bila pasi ni gunia lenye mkanda. Na shule ilikuwa inakuja kuchukua Ijumaa.

Sasa, nyumba hiyo ilikuwa na kasoro moja ambayo kila aliyelala humo aliijua. Pasi haikukubali mwenzake. Ukiichomeka na kitu kingine kinawaka, swichi kuu mlangoni ilijirusha kwa kishindo, na vyumba vyote vikazimika.

Karani akasimama mbele ya soketi.

"Leo pasi haifai," alisema.

"Kwa nini haifai?"

"Umeme wa leo si mzuri. Unapanda na kushuka. Utaunguza vitambaa vya watu."

Mkewe alimtazama. Miaka ishirini na sita ya ndoa inamfundisha mtu kumjua mwenzake anapodanganya, hasa mwenzake akiwa hana kipaji hicho. Akaiweka pasi chini, akakaa juu ya mkono wa kochi, akamwambia kwamba yeye hana haraka, ana mpaka kesho, basi aanze mwanzo. Karani alikuwa amefungua kinywa kuanza mwanzo shemeji yake alipoingia kwa kasi kutoka saluni anakosukia watu, mdogo wa mkewe, binti asiyejua kubisha hodi wala kunyamaza. Alikuja kuchaji simu. Watu wa umeme walikuwa wamepita barabarani na kipaza sauti. Nguzo zinabadilishwa. Kuanzia saa nane mchana mtaa mzima hautakuwa na umeme.

Karani aliketi.

*

Aliwaeleza yote, na alipomaliza hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilimuuma kuliko kicheko. Kisha shemeji akawahurumia wote.

"Shemeji, ngoja nikuelewe," alisema. "Miezi minane huna kazi. Siku ya kwanza ukaipata. Siku ya nne umeipoteza nayo iko palepale mezani, unaitazama. Hicho si kitu cha kusomea, hicho ni kipaji."

"Nilikuwa naangalia kama mfumo unafaa."

"Umefaa?"

"Umefaa sana," Karani alisema kwa unyonge, na hapo mkewe ndipo aliposhindwa kujizuia akacheka, akafunika mdomo kwa sketi ya mtoto wa darasa la tatu.

Lakini hawakukaa kucheka. Shemeji alitaka kujua kama mtaani hakuna mwenye jenereta. Alikuwepo, muuza nyama wa kona, na Karani akaenda mwenyewe. Alisimama kwenye foleni ya wanunuzi kama mtu aliyekuja kununua, zamu yake ilipofika akaomba kuunganisha waya wa kompyuta kwa saa mbili tatu hivi. Muuza nyama alimuuliza mbele ya watu kama hiyo kompyuta nayo inaharibika isipokaa kwenye baridi. Watu wakacheka vizuri. Halafu, kwa heshima, muuza nyama akamwambia angemsaidia, lakini kompyuta itafikaje hapa bila kuchomolewa kule? Karani hakuwa amelifikiria hilo. Aliaga, akarudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima alikuwa anajiuliza amewahi kweli kufanya kazi ofisini.

Saa tano na nusu ilimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono mapajani, haigusi mashine hata kuipangusa vumbi. Fundi alikuwa amesema njia ipo. Njia ipo wapi? Kila kitufe alichokitazama kilionekana kuwa ndicho kile cha kufungua viganja.

Mkewe alivuta kigoda akakaa kando yake. Alikuwa na mto wa pini kiganjani, na bila kufikiri akawa anazichomoa na kuzichomeka.

"Nieleze kama unavyomweleza mshonaji," alisema. "Hiki unachokitumia ni nguo ya pini, si ndiyo? Ya kupimia tu, haijashonwa. Mteja akitembea nayo barabarani, inaachia."

"Ndiyo. Na mimi nimetembea nayo siku nne."

"Sawa. Sasa kitambaa chenyewe kiko wapi? Zile picha za ubatizo wa mjukuu, tulizoziweka humu mwaka jana. Zimefutika?"

"Hazijafutika. Fundi alisema mashine itabaki ilivyokuwa. Zimo ndani, zimelala."

"Kama zimelala humo," mkewe alisema, "basi humo pana mahali pa kulala."

Karani aligeuka kumtazama. Kisha akageukia kioo kama aliyeitwa jina lake. Akafungua folda ya kazi yake, ileile aliyoifungua kila siku, na kwa mara ya kwanza akaacha kutazama katikati, akatazama pembeni. Upande wa kushoto kulikuwa na orodha fupi ya maneno: Nyumbani, Nyaraka, Picha, Takataka. Chini kabisa, kwa rangi iliyopauka, kulikuwa na kijisanduku kilichoandikwa diski na idadi ya ukubwa wake. Kilikuwa hapo siku zote nne. Alikuwa amekipita kama mtu anavyompita mlinzi wa benki.

"Kibonyeze," mkewe alisema.

"Nikikibonyeza kikafuta je?"

"Saa nane nguzo zitafuta."

Akakibonyeza. Mshale ukazunguka, ukazunguka tena, mkewe akaacha kuchoma pini. Kisha kioo kikajaa folda walizozifahamu. Ubatizo wa mjukuu. Vipimo vya wateja. Muziki wa shemeji, ambao hakuna aliyemruhusu kuuweka. Ilikuwa nyumba yao ya zamani, imefungwa milango, na wao wamesimama ndani yake kwa kuingilia dirishani.

Na folda moja iliandikwa Barua za Kazi. Karani alitaka kuipita upesi, lakini kidole kikateleza kikabonyeza, ikafunguka. Barua ziliteremka kioo kizima zikaendelea chini, kila moja na jina la ofisi na tarehe. Mkewe alikuwa ameambiwa barua za kuomba kazi ni sita. Alisoma nambari iliyoandikwa chini ya kioo.

"Thelathini na moja," alisema.

Nje, mtu alikuwa anapita akiuza ndala, anapaza sauti bei yake.

"Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuchapa," Karani alisema.

Mkewe alichomeka pini moja kwenye mto, akaibonyeza mpaka kichwa chake kikazama, kisha akanyoosha mkono akamwonyesha mahali pa kufunga folda. "Hamisha kazi yako," alimwambia. "Fungua folda mpya, uiite Zahanati."

Kazi iliyomchukua siku tatu na asubuhi moja ilivuka kuingia diskini kabla hajavuta pumzi. Wepesi huo ulimtia mashaka. Kule masjala, kitu kilichofika upesi kilikuwa kimepoteza kurasa. Akafungua ile nakala, akateremka safu kwa safu, akahesabu kwa midomo kimya, akafika mia nne na nane saa nane ikikaribia. Hakutosheka, akaweka nakala ya pili, akaipa jina tofauti, na ya tatu akaitumbukiza ndani ya folda ya ubatizo, kwa imani kwamba humo hakuna shetani atakayeingia. Mkewe alimwacha. Kila mtu ana jinsi yake ya kufunga mlango.

*

Watu wa umeme hawajulikani kwa kutimiza ahadi, lakini ahadi ya kukata huitimiza kwa dakika. Saa nane kamili redio za mtaa zilinyamaza pamoja, feni ya jirani ikajizungusha kwa uvivu ikasimama, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Karani alikiona kichwa chake mwenyewe humo, kipara na miwani.

"Tusubiri," mkewe alisema.

Kusubiri bila kazi ni adhabu, kwa hiyo mkewe akamtuma Karani kwa jirani wa tatu kuazima pasi ya mkaa. Jirani aliitoa kwa furaha isiyo ya kawaida, kwa sababu mwaka mzima alikuwa akisikia habari za pasi ya umeme ya nyumba ile. Alimuuliza Karani kama ile ya wakubwa imekwenda likizo. Karani akasema imekwenda likizo, akabeba pasi, na akashangaa kwamba neno halikumuuma hata kidogo. Siku ikishakuchoma mahali pamoja, panakuwa sugu.

Walipiga marinda mchana ule wakiwa wawili, shemeji akipepea mkaa kwa kifuniko cha sufuria na kulalamika kwamba moshi unamharibia nywele alizosuka kwa siku mbili. Mkewe alikunja, Karani akapima. Ilikuwa hivi: lile rinda la kwanza mkewe alilikadiria kwa jicho, Karani akasema limezidi kidogo. Mkewe akamwambia anyamaze, yeye ameshona miaka ishirini. Karani akaenda akachukua rula yake ya mbao, akaiweka, na rinda lilikuwa limezidi kweli, upana wa uzi. Tangu hapo akapewa cheo. Alishika rula kila rinda, akasema sawa, mkewe akashusha pasi, kitambaa kikatoa mvuke na harufu ya maji moto, wakasogea. Sketi kumi na saba zilikuwa zimekamilika, zimenyooka kama askari wa gwaride, mtaa ulipopiga kelele.

Umeme umerudi. Ukakatika tena, mtaa ukaguna. Ukarudi, na safari hii ukakaa.

Karani alipangusa mikono kwa suruali, akakaa, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine ilivuma. Ikauliza swali lake lilelile la Jumamosi, kana kwamba haijawahi kumwona, Jaribu au Sakinisha, na Karani akachagua Jaribu kwa kidole kilichojipinda. Kioo kikafunguka, kisafi. Alifungua Nyaraka kwa mazoea tu, ingawa alijua, akaikuta tupu. Siku nne za maisha yake hazikuacha hata unyayo. Kujua jambo na kuliona ni vitu viwili, na nyuma yake shemeji aliacha kupepea.

Akatazama kushoto. Akabonyeza diski. Mshale ukazunguka. Zahanati.

Akateremka taratibu, safu kwa safu, mwenye nambari mia moja, mia mbili na tatu, mia tatu na tisini, na pale chini mia nne na nane, mzee wa presha mwenye vidonge viwili asubuhi na kimoja usiku, ameketi mahali pake kama mtu ambaye hajasikia kelele zozote.

"Wapo?" mkewe aliuliza.

"Wapo wote."

Shemeji alisema basi wampe yeye nusu ya mshahara, kwa sababu ndiye aliyeleta habari za umeme. Mkewe aliketi juu ya sketi tatu zilizokwisha kunyooshwa, akainuka akilaani, akaketi tena pembeni, na machozi yakamtoka huku anacheka, akisema ni moshi. Karani alivuta zile kadi nne zilizobaki, akaweka rula juu ya jina la kwanza, akaandika, akahifadhi diskini, akafungua kuhakikisha, akahifadhi tena. Kadi ya mia nne na kumi na mbili ilipokaa, alitafuta kitufe ambacho hakuwahi kukigusa wiki nzima, akaizima mashine mwenyewe.

"Pasi yako," alimwambia mkewe, akaondoka mbele ya soketi.

*

Ijumaa saa mbili kasoro robo alikuwa zahanati, kompyuta kwapani na waya wake shingoni. Msimamizi alimpa soketi ya karibu na dirisha. Karani alimwomba asimame mbali kidogo mpaka iwake, kwa sababu ina aibu. Msimamizi alikuwa na fundi wake wa kompyuta na printa, kijana wa maneno machache, ambaye alitazama ile flashi, akatazama lile tundu lililovunjika, akamtazama Karani, kisha akatoa bisibisi mfukoni akaizima mashine, akaifungua tumboni, akaichomoa diski yenyewe na kuiunga kwenye kompyuta yake. Karani aligeukia ukutani wakati huo. Alipogeuka, karatasi zilikuwa zinatoka, zenye joto, moja baada ya nyingine.

Msimamizi alizisoma akisimama. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, akaruka hadi wa saba, akachukua kadi tatu kutoka kabatini bila kuchagua, akalinganisha. Hakusema ni nzuri. Alipiga muhuri kwenye maombi ya dawa, akaiambatisha orodha kwa pini, akampa mhudumu aipeleke kwenye gari lililokuwa linasubiri nje na injini inawaka. Aliuliza tu kama mashine yake ni ya kuaminika, na Karani akajibu kwamba sasa wameelewana.

Basi msimamizi akatoa funguo shingoni, akaenda kwenye kabati la pili. Mlango uligoma, akaupiga goti, ukafunguka kwa ghafla, na kadi zilizokuwa zimeshindiliwa humo miaka na miaka zikamwagika sakafuni, zikateleza mpaka kwenye viatu vya Karani, za manjano, za bluu, nyingine zimeliwa pembe na panya. Msimamizi alimwomba radhi.

Karani alikuwa ameshapiga magoti. Alizikusanya kwa mikono miwili, akazigonga sakafuni kingo zikae sawa, akakadiria mia sita, pengine saba, na alipoinua kichwa kuuliza kama zipangwe kwa nambari au kwa majina, msimamizi alishangaa kumwona mtu aliye sakafuni, amezungukwa na vumbi la watu, anatabasamu kiasi kile.